Fukusi wa Mlimani na Fukusi wa Ziwani

Vijana wa kituo mmeniomba niandike machache kabla sijasahau. Nimekubali kwa sharti moja: sitaandika habari za vyeo. Nilipanda mara chache, na hata hizo mara chache barua zilichelewa mpaka nikawa nimeshazoea kutopanda. Mishahara nayo mnaijua, ni ileile mnayoilalamikia ninyi. Nitaandika habari za fukusi, kwa sababu nimekaa nao kuliko nilivyokaa na watu, na kwa sababu kuna kosa moja nililifanya ambalo afadhali mlisikie kwangu kuliko kusimuliwa sokoni na chumvi ikaongezwa.

Nilifika Mbinga mwanzoni mwa miaka ya themanini, nikitokea kwetu ziwani, chini ya Liuli, na sanduku la bati na cheti cha kilimo. Baridi ya Mbinga ilinipokea vibaya. Mtu aliyezaliwa kando ya Ziwa Nyasa akipelekwa mlimani mwezi wa sita huwa anafikiri ameadhibiwa. Kituo chenyewe kilikuwa vyumba viwili nyuma ya ofisi ya kilimo, friji moja ya mafuta ya taa iliyopenda kuzimika Jumapili, na Mama Skolastika. Huyu ndiye aliyekuwa fundi wa maabara, Mmatengo wa hukuhuku, mfupi, mpole wa sauti, asiye na subira hata kidogo na mtu anayekadiria.

Siku ya kwanza hakuniuliza cheti. Alinipa chupa ya jamu iliyofunikwa kwa chachi. Ndani mlikuwa na mahindi, fukusi hamsini, na dawa ya unga iliyowekwa jana yake.

"Hesabu waliokufa," akasema.

Niliwamwaga kwenye karatasi nyeupe. Wote walilala, miguu imekunjwa tumboni, ile pua yao ndefu imeinama. Nikahesabu mara mbili ili nionekane mwangalifu. "Hamsini, mama. Wamekufa wote."

"Wapumulie."

Nilidhani ananitania. Nikainama, nikawapumulia taratibu kama mtu anayefufua moto wa kuni mbichi. Haukupita muda, mmoja akanyoosha mguu. Kisha wa pili. Mwishowe kumi na mmoja walikuwa wanatembea kwenye karatasi kama watu waliotoka misa.

"Fukusi akishtuliwa hujifanya maiti," akasema Mama Skolastika. "Ukimwamini, utaandika ripoti ya uongo, na utaisaini kwa jina lako."

Tangu siku hiyo sikuhesabu fukusi bila kumgusa kwa unywele wa brashi, kumpumulia na kumngoja. Ndivyo mlivyonikuta nikifanya, mkacheka kwamba mzee anaongea na wadudu.

Kwa ambaye hajakaa nao, niseme kidogo. Fukusi wa mahindi ni mdogo kuliko punje ya mchele, ana rangi ya kahawa iliyokaangwa ikapitiliza. Jike hutoboa punje, hutaga yai moja, kisha huziba tundu kwa ustadi hata usilione. Mtoto wake hula kuanzia ndani. Kwa hiyo mama anayefungua gunia mwezi wa kumi na moja anaona mahindi mazuri, anayashika, yanavunjika mkononi yakawa vumbi. Mwezi huo ndio watu wa mlimani wanakuwa kwenye ngoro, yale mashimo ya miteremkoni wanamolima tangu mababu, na kazi hiyo haifanyiki na tumbo tupu.

Dawa ya unga ililetwa na chama cha ushirika, lori moja pamoja na mbolea. Ilichelewa, lakini ilitoka mahali pamoja na kila mtu alijua wa kumlaumu. Baadaye lori likawa linakuja mwaka huu, mwaka ujao halionekani. Kisha ikaja biashara huria, na ghafla dawa ikawa inauzwa kwenye duka lolote, kwenye pakiti ndogo, katikati ya sabuni na viberiti. Ofisini tulipewa waraka wa kuturuhusu tuufurahie utaratibu huo mpya. Wauzaji wengine walikuwa waaminifu. Wengine tulisikia wanachanganya dawa na unga wa muhogo au saruji, na mara moja moja ilikuwa kweli.

Hapo ndipo anapoingia Mzee Shaweji. Alikuwa na duka kwenye njia panda ya kijiji kimoja upande wa Mpepai, jina la kijiji nalihifadhi. Babu yake alitoka Kilwa, lakini yeye alizaliwa hapa na Kimatengo alikizungumza kuliko mimi. Alikuwa mtu wa kanzu safi na maneno machache. Dawa yake aliifuata mwenyewe Songea, akaja nayo imefungwa, akaiuza vivyo hivyo.

Msimu wa tatu wa biashara hiyo, wanawake wa kijiji kile walikuja kituoni na debe la mahindi lililokuwa linanguruma. Sitanii, ukilitegea sikio ulisikia wadudu wanavyotafuna. Waliongozwa na Mama Osmunda, mwenyekiti wa jumuiya yao, mjane mwenye watoto watano na sauti inayofika ng'ambo ya bonde.

"Bwana shamba, tumeweka dawa," akasema. "Tumeweka mwaka jana, tumeweka mwaka huu. Hawa wanakula na dawa yenyewe. Tuambie, Shaweji anatuuzia nini?"

Mama Skolastika alikuwa likizo. Nilikuwa na miaka zaidi ya kumi kazini, na watu walishanibatiza Bwana Fukusi, jina nililojifanya silipendi. Nilinunua pakiti ya Mzee Shaweji, nikachukua fukusi kutoka kwenye debe lilelile, nikawaweka chupani na dawa kwa kipimo kilichoandikwa. Siku tatu baadaye wengi wao walikuwa wanatembea. Nikaandika kwamba dawa ni bandia. Jumapili nikapanda baiskeli mpaka kigangoni kwao, na baada ya misa katekista akanipa nafasi. Nilisema mbele ya watu wote, kwa sauti ya mtu mwenye hakika: "Dawa ya dukani kwa Shaweji si dawa." Hotuba yangu haikuzidi dakika tano. Tangazo nikalibandika ukutani, na mhuri juu yake.

Mgambo walibeba boksi zake zote. Watu hawakuishia kwenye dawa, waliacha kununua hata chumvi kwake, wakawa wanatembea saa nzima kwenda duka la mbali. Wiki mbili baadaye alikuja ofisini, akakaa kwenye benchi.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Bwana shamba, dawa ile ndiyo niliyoweka kwenye mahindi ya nyumbani kwangu. Njoo uyaone, hayana tundu."

"Umeyanunua wapi?"

"Huko Tunduru kwa shemeji yangu."

Nilimjibu kwamba kila mwenye duka hupata shahidi nyumbani kwake. Aliinuka, akaniaga kwa adabu, akaondoka. Naandika hili na bado masikio yananiwaka. Alikuwa ameniletea jibu lote mkononi, nikamrudisha nalo.

Ukweli ulinijia kwa njia ya mama yangu. Kila mwaka alinitumia gunia la makopa, ule muhogo mkavu wetu wa ziwani, kwa lori linalopitia Kingerikiti. Mwaka ule lilifika limejaa fukusi, maana mdudu huyu haoni tabu kuhama kutoka mahindi kwenda muhogo. Wakati huohuo tulikuwa na wanafunzi wa chuo cha kilimo. Nikaona nafasi ya kuwafundisha ubaya wa dawa bandia. Nikachukua fukusi wa makopa, nikawaweka kwenye chupa, nikanyunyiza dawa ya Mzee Shaweji iliyobaki mezani, nikawaambia wanafunzi: "Kesho mtawakuta wanatembea."

Kesho yake walikuwa wamelala wote. Nikacheka, nikawaeleza wanafunzi habari ya kujifanya maiti, nikawapumulia. Hakuna aliyejinyoosha. Nikawagusa kwa brashi. Nikawasubiri mpaka mchana, na mchana nikasubiri mpaka jioni, wanafunzi wakanivumilia kwa heshima. Fukusi wa mama yangu walikuwa wamekufa kabisa, kwa dawa niliyotangaza kwamba si dawa.

Mama Skolastika alikuwa amerudi. Nilimweleza kila kitu, nikitegemea anigombeze. Aliniuliza swali moja tu: "Ulipowapima wale wa debe, ulilinganisha na nini?"

"Sikulinganisha."

"Basi hukupima," akasema, akaanza kuosha chupa.

Safari hii tulipima kama inavyotakiwa. Tulikuwa na dawa mbili, ile ya Mzee Shaweji na nyingine ya kopo ambalo kituo kikubwa cha utafiti kilitutumia halijafunguliwa. Tulikuwa na fukusi wa aina mbili, wa mlimani kutoka kwa Mama Osmunda na wa ziwani kutoka kwenye makopa, ambao maisha yao yote hawakuwahi kukutana na dawa, kwa sababu kwetu muhogo unaanikwa tu kwenye mawe. Kila dawa tuliijaribu kwa kila fukusi, na pembeni tukaweka chupa zisizo na dawa. Matokeo hayakuhitaji hesabu kubwa. Wa ziwani walikufa kwa dawa zote mbili. Wa mlimani walitembea kwa dawa zote mbili, hata ile ya kopo jipya. Dawa ilikuwa nzima. Aliyebadilika alikuwa fukusi. Ndiyo maana mahindi ya Mzee Shaweji, yaliyotoka Tunduru na fukusi wa huko, hayakuwa na tundu.

Lakini kubadilika vipi? Hapa vijana tulieni, maana ndicho mnachoniuliza mara nyingi. Ndani ya neva za mdudu kuna kemikali inayobeba ujumbe kutoka neva moja hadi nyingine. Ujumbe ukishafika, kuna kimeng'enya kinachofuta ile kemikali ili neva ipumzike. Dawa yetu ya unga iliua kwa kukishika kimeng'enya hicho kisiweze kufuta. Ujumbe haukomi, mdudu anatetemeka mpaka anakufa. Sasa wako fukusi wachache wanaozaliwa na wingi wa kimeng'enya cha aina nyingine, ambacho huikamata dawa na kuikatakata kabla haijafika kwenye neva. Dawa inaingia mwilini kama kawaida, lakini mwili unaimaliza njiani. Si kwamba fukusi mmoja alijifunza. Wale wachache walikuwepo tangu zamani, sisi tuliwaua wenzao wakabaki wao kuzaa.

Kituo kikubwa kilitutumia kemikali za kupimia, zikaja kwa basi ndani ya chupa ya chai iliyojaa barafu. Kondakta aliapa kwamba hakuifungua, na nafikiri alifungua akasikitika. Kazi yenyewe ni rahisi kuieleza, ngumu kuifanya. Unamponda fukusi mmoja katika tone la maji, unaweka tone hilo kwenye karatasi ya kuchujia, unaongeza kitu ambacho vimeng'enya vya namna ile hukikata, halafu unaweka rangi. Penye vimeng'enya vingi rangi inakolea, penye vichache inabaki hafifu. Mama Skolastika aliponda, mimi nikadondosha. Karatasi ya fukusi wa ziwani ilikuwa na madoa yaliyofifia kama chai ya mwisho wa birika. Karatasi ya fukusi wa mlimani ilijaa madoa ya zambarau iliyokolea, karibu nyeusi, mstari baada ya mstari. Mama Skolastika alizitazama zote mbili kwa muda.

"Hii ni kazi nzuri," akasema. Kwa miaka yote niliyokaa naye, alisema hivyo mara mbili. "Sasa nenda kwa Shaweji."

Nilikwenda siku ileile. Duka lilikuwa tupu, paka amelala juu ya mizani. Nilimwomba Mzee Shaweji msamaha kwa maneno niliyoyapanga njia nzima. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ulisemea wapi kwamba nauza dawa bandia?" akaniuliza.

"Kigangoni, mzee. Baada ya misa."

"Mbele ya nani?"

"Mbele ya watu wote."

"Sasa msamaha wa hapa, mimi na wewe na paka, utanisaidia nini? Kasemee kulekule."

"Na wewe utakuja?"

"Nitakuja. Nitasimama nje ya uzio, lakini nitasikia."

Jumapili iliyofuata niliomba nafasi kwa katekista yuleyule. Mzee Shaweji alikuja na kanzu yake, akasimama upande wa pili wa uzio wa michongoma. Niliwaambia watu kwamba nilikosea, kwamba dawa ilikuwa nzima, kwamba sikupima ipasavyo, nikamsingizia mtu. Ilinichukua zaidi ya saa. Kumharibia mtu jina kulikuwa kumetosha kwa dakika tano, kulirudisha kulihitaji karatasi mbili, chupa sita na maswali ya kijiji kizima. Karatasi zilipita mkono kwa mkono. Akina mama walizielewa haraka kuliko wanafunzi wangu.

Kisha nikaeleza tutakachofanya. Kwanza maghala yote yafagiliwe, mabaki ya mahindi ya mwaka jana yasichanganywe na mapya, maana humo ndimo wanamobaki wale sugu. Mahindi yaanikwe yakauke mpaka yalie yakigongana. Tungeleta dawa nyingine inayoua kwa njia tofauti, ambayo kile kimeng'enya hakiwezi kuikata. Nayo itumike kwa kipimo kamili. Niseme hapahapa kwamba tulifanya hivyo, na msimu uliofuata nilifungua magunia ya kijiji kile kwa mkono wangu mwezi wa kumi na moja, yalikuwa mazima. Kati ya kazi zangu zote, hiyo ndiyo ninayojivunia bila aibu. Kila baada ya misimu miwili tulipima tena kwa karatasi, tukabadilisha dawa kabla fukusi hajatuzoea. Ninyi ndio mnaoendelea nayo, na mnajua inafanya kazi.

Lakini Jumapili ile haikuishia hapo. Niliposema "kipimo kamili", Mama Osmunda alisimama.

"Bwana shamba, kipimo kamili ni kipi?"

"Pakiti moja kwa gunia moja, mama."

Akina mama wakatazamana. Mama Osmunda akakunja kitenge chake vizuri.

"Sisi pakiti moja tunaweka magunia manne," akasema. "Ntambo mmoja, nyumba nne." Ntambo ni ule mgongo wa mlima ambao ukoo mmoja huishi na kulima pamoja. "Anayepata dawa hawezi kujiwekea peke yake, mashemeji zake wakaliwa mahindi. Huo si utu. Shaweji alituambia siku zote, pakiti moja gunia moja. Tukasema huyu ni mwenye duka, lazima aseme hivyo."

Nikaanza kuwaeleza, kwa upole niliodhani ninao. Nikasema kipimo kidogo kinaua wanyonge tu. Wenye nguvu ya kati, ambao kipimo kamili kingewamaliza, wanabaki wanaoana na wenye nguvu zaidi, na kila msimu watoto wanakuwa wagumu kuliko wazazi. Nikasema kwamba hivyo ndivyo fukusi wa mlimani walivyotengenezwa, humuhumu kwenye maghala yetu, kwa kugawana. Nikauliza ni nani aliyewafundisha jambo hilo.

"Wewe," akasema Mama Osmunda.

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayemkumbusha mgeni alikoacha kofia yake. "Miaka ile lori la ushirika lilipoanza kukosa, ulikuja na baiskeli, ukasimama hapohapo. Ukatuambia, kidogo si haba, gawaneni, msiachane. Tukakupigia makofi."

Nilikumbuka. Nilikumbuka mpaka yale makofi, na jinsi nilivyorudi mjini nikipiga mluzi. Nilikuwa nimewafundisha kosa, nikalisahau, kisha nikamtafutia mtu wa kulibeba, na mtu huyo alikuwa ndiye peke yake kijijini aliyewaambia kweli. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena maishani. Sikutafuta maneno. Nilisema: "Ni kweli. Ni mimi." Nikakaa chini kwenye majani, mbele yao.

Mama Osmunda ndiye aliyetembea mpaka kwenye uzio. Wengine walimfuata kwa macho. Alipofika kwenye michongoma alipiga goti kidogo, kama wanavyosalimia wakubwa huku kwetu.

"Shikamoo, Mzee Shaweji."

"Marahaba, mwanangu."

"Mzee, kesho utafungua duka?"

Mzee Shaweji alimtazama, kisha akawatazama wote waliokuwa nyuma yake, na mimi pale chini.

"Sikulifunga hata siku moja, mama," akasema.